Haki ya Umeme Hudaiwa kwa Daftari

Siku hizi umeme umefika katika vijiji vingi vya nchi yetu. Wakala wa Nishati Vijijini, ambao watu huuita REA, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2005. Ulianza kazi mwaka 2007. Tangu hapo nguzo zimepita kando ya mashamba ya mpunga, ya mahindi na ya korosho. Mashine za kusaga na kukoboa ambazo zilikuwa zinatumia dizeli, sasa nyingi zinatumia umeme.

Umeme ukija, raha huja. Lakini matatizo nayo huja. Umeme unaweza kukatika siku tatu bila maelezo. Unaweza kuunguza redio, jokofu au mota. Mita inaweza kula fedha kuliko unavyotumia. Hapo ndipo wananchi wengi hunung'unika kilabuni au kwenye kijiwe, kisha wanakaa kimya. Wengine huchukua mawe.

Labda utauliza: kwa nini Bwana Shamba anaandika habari za umeme? Ni kwa sababu kazi yangu ni kilimo, na kilimo hakiishii shambani. Mkulima akivuna mpunga lazima aukoboe. Umeme ukiharibu mashine yake, jasho lake la miezi sita linakaa ghalani. Kwa hiyo nami limenihusu. Cheti changu ni cha kilimo, si cha sheria. Haya nitakayoyaeleza nimejifunza kwa kuuliza, kwa kusoma, na kwa kufuatana na kikundi kimoja cha wakulima katika kata yangu tangu siku walipopata hasara mpaka shauri lao lilipokwisha.

MOTA ILIVYOUNGUA

Kikundi hiki kina wanachama 32. Wengi wao ni akina mama. Wana mashine ya kukoboa mpunga, inayoendeshwa kwa mota kubwa ya umeme wa njia tatu. Mashine waliinunua kwa mkopo wa chama chao cha akiba na mikopo.

Katika mwezi wa Juni mwaka 2022, wakati wa mavuno, taa za kijiji zilianza kufifia jioni. Nyumba nyingine zilikuwa na mwanga, nyingine zilikuwa gizani. Mota ya mashine ikawa inanguruma bila nguvu. Siku ya nne ilitoa moshi. Fundi alipoifungua aliona waya za ndani zimekuwa nyeusi.

Nieleze kidogo sababu yake. Mota ya njia tatu ni kama gogo linalobebwa na watu watatu. Mmoja akiondoka, wawili waliobaki huelemewa. Wakilazimishwa kuendelea, wataanguka. Umeme nao ni hivyo. Njia moja ikikosekana, mota huvuta umeme mwingi mno katika njia mbili zilizobaki. Waya zake hupata joto, halafu huungua.

Siku hiyo kulikuwa na magunia zaidi ya 100 yanasubiri kukobolewa. Wenye mpunga walitaka kuuza ili walipe ada za watoto na madeni ya mbolea. Kikundi nacho kilikuwa kinadaiwa rejesho la mkopo mwisho wa mwezi. Fundi alisema kusuka mota upya kungegharimu shilingi 740,000. Fedha hizo hazikuwapo.

Jioni ile tulikaa chini ya mwembe. Vijana walikuwa wamekasirika. Mmoja alisema, "Gari la watu wa umeme likipita hapa, halitoki." Mzee mmoja akasema, "Acheni. Umeme ni wa wakubwa. Mkubwa hashtakiwi." Kisha mama mwenyekiti akanigeukia, akasema, "Bwana Shamba, wewe unasemaje?"

Niliwaambia kwamba wote wawili hawakusema kweli yote. Kijana hakusema kweli, kwa sababu kumpiga fundi wa umeme hakusuki mota. Ni kosa la jinai, na mwenye haki hugeuka kuwa mshtakiwa. Mzee naye hakusema kweli, kwa sababu Katiba ya nchi yetu, katika ibara ya 13, inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa. Haikusema mtu mkubwa. Imesema kila mtu.

NANI ANASIMAMIA UMEME?

Kwanza tuelewe maneno mawili. Neno la kwanza ni mtoa huduma. Mtoa huduma ni shirika au kampuni inayokuuzia umeme. Wananchi wengi wa Tanzania Bara huuziwa umeme na TANESCO. Lakini ziko pia kampuni ndogo. Kwa mfano, katika wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa, iko kampuni inayozalisha umeme kwa maji ya mto Mwenga na kuwauzia wanavijiji.

Neno la pili ni mdhibiti. Mdhibiti hauzi umeme. Kazi yake ni kumsimamia anayeuza, ili asimwonee mnunuzi, na mnunuzi naye asimwibie muuzaji. Kwa Tanzania Bara mdhibiti ni Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Watu huiita EWURA. Sheria yake ilitungwa mwaka 2001, na Mamlaka ikaanza kazi mwaka 2006. Makao makuu yake yako Dodoma, nayo ina ofisi za kanda, kwa mfano Mwanza, Arusha na Mbeya. Zanzibar wana mamlaka yao, inayoitwa ZURA.

EWURA ndiyo inayoidhinisha bei za umeme. Ndiyo inayotoa leseni. Na sheria imeipa kazi ya kupokea malalamiko ya watumiaji, kuyachunguza na kuyaamua. Sheria nyingine inayohusika ni Sheria ya Umeme ya mwaka 2008.

Liko pia baraza la kuwatetea watumiaji. Jina lake ni Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji. Kwa kifupi huitwa EWURA CCC. Baraza hili halihukumu. Linamshauri mwananchi, linamwelekeza namna ya kulalamika, na linasema kwa niaba ya watumiaji.

HATUA YA KWANZA: KWA MTOA HUDUMA

Watu wengi hukosea hapa. Wanaruka moja kwa moja kwenda kwa mkuu wa wilaya, kwa mbunge, au redioni. Njia ya sheria inaanzia kwa mtoa huduma mwenyewe. Mpe kwanza nafasi ya kusikia na kurekebisha. Usipofanya hivyo, Mamlaka inaweza kukurudisha huko.

Kikundi chetu kilianza hivyo. Kwanza tulizuia mota isiguswe. Fundi alitaka kuibeba siku ileile kwenda mjini kuisuka. Tukamwambia asubiri, kwa sababu mota ndiyo shahidi. Ukiisuka kabla haijaonwa, utaonyesha nini? Tulipiga picha kwa simu: mota, mita, nguzo na transfoma.

Pili, tuliandika barua. Nakala zilikuwa mbili. Moja tuliiacha katika ofisi ya mtoa huduma ya wilaya. Ya pili tuliomba igongwe muhuri wa kupokelewa, yenye tarehe, tukarudi nayo. Nakala hii yenye muhuri ni mali. Bila hiyo mtu anaweza kusema hajawahi kukuona.

Barua haina haja ya maneno makubwa. Iandike kwa Kiswahili. Tazama mfano huu:

"Mimi/sisi ni mteja wenu. Namba yetu ya mita ni ... Tunaishi kijiji cha ... Tarehe ... saa ... umeme ulikuwa hivi ... Tulitoa taarifa kwa simu tarehe ... tukapewa namba ya taarifa ... Tarehe ... saa ... mota yetu iliungua. Hasara yetu ni shilingi ... kama inavyoonyeshwa na makadirio ya fundi tuliyoambatisha. Tunaomba mambo mawili: kwanza, mtengeneze njia ya umeme, pili, mtulipe hasara hii. Tunaomba jibu kwa maandishi."

Umeona, msomaji? Hakuna tusi hata moja. Kuna tarehe, saa, namba na ombi. Barua ya malalamiko bila ombi ni kama shamba bila mbegu. Umelima, lakini hutavuna kitu.

DAFTARI LA MASHINE

Sasa nije kwenye jambo kubwa zaidi. Mwendesha mashine wa kikundi ni msichana aliyemaliza darasa la saba. Kila siku aliandika katika daftari: tarehe, jina la mwenye mpunga, idadi ya magunia, uniti za umeme zilizobaki, na jambo lolote lililotokea. Wengine walikuwa wanamcheka. Walisema anajifanya karani.

Tulipofungua daftari lile, tukakuta haya. Siku tatu kabla ya mota kuungua aliandika, "Saa 12 jioni umeme hafifu, mota inanguruma." Kesho yake aliandika hivyohivyo, akaongeza, "Tumepiga simu ya dharura," na akaandika namba ya taarifa aliyopewa. Siku ya tatu aliandika tena. Hapo tukajua kwamba tuna ushahidi. Mtoa huduma alikuwa ameambiwa mapema, na hakuja.

Lakini kulikuwa na ukurasa mwingine. Katika mwezi wa Machi msichana aliandika, "Kinga ya mota inakatakata. Fundi ameiruka kwa waya. Sasa mashine haisimami."

Kinga ni kifaa kidogo kinachokata umeme mota inapozidiwa. Kama kinga ile ingekuwapo, huenda mota ingezimika badala ya kuungua. Fundi wa mtaani aliiondoa ili kazi isisimame. Ukurasa huo ulikuwa unasema kwamba kikundi nacho kina sehemu yake katika hasara.

Palizuka ubishi. Baadhi ya wanachama walitaka ukurasa uchanwe. Walisema, "Nani atajua? Tukiupeleka, tumejifunga wenyewe." Niliwaambia kwamba mhandisi akiifungua mashine ataiona waya ile kwa macho yake. Tena, daftari lenye ukurasa uliochanwa haliaminiki hata katika kurasa zilizobaki. Mama mwenyekiti akasema kwa kifupi, "Daftari halichagui upande. Litakwenda zima." Baadhi walinuna, lakini lilikwenda zima.

Baada ya majuma matatu jibu la barua lilikuja. Lilisema kwamba mota iliungua kwa sababu ya uzembe wa mteja, na kwamba madai yamekataliwa. Halikusema neno lolote juu ya zile taarifa za simu.

HATUA YA PILI: KWA MDHIBITI

Ukijibiwa vibaya, au usipojibiwa kabisa, nenda kwa Mamlaka. Unaweza kwenda katika ofisi ya kanda, au kutuma malalamiko yako kwa maandishi. Huhitaji kuajiri wakili. Ukiwa hujui kuandika vizuri, tafuta mwalimu, mtendaji wa kijiji, au msaidizi wa kisheria. Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wapo kwa ajili ya watu wasio na uwezo wa kulipa wakili. EWURA CCC nao watakuelekeza.

Kikundi kilipeleka vitu sita: barua yenye muhuri, jibu la mtoa huduma, nakala za daftari, picha, makadirio ya fundi, na muhtasari wa mkutano uliowachagua watu wawili kukisemea kikundi. Hicho cha mwisho ni muhimu kwa vikundi. Mtu mmoja akisimama tu na kusema "mimi ni wa kikundi," ataulizwa nani kamtuma.

Mamlaka ikipokea malalamiko, humpelekea mtoa huduma ili naye ajibu. Kisha hujaribu kuwapatanisha. Kazi hii huitwa usuluhishi. Katika usuluhishi hakuna anayefungwa wala kulazimishwa. Pande mbili hukaa mezani, mtu wa Mamlaka akiwa katikati. Wakielewana huandika makubaliano na kutia sahihi. Wasipoelewana, shauri husikilizwa na kutolewa uamuzi. Katika uamuzi huo Mamlaka inaweza kuamuru mtoa huduma atoe huduma, atengeneze, arudishe fedha, au alipe gharama. Inaweza pia kuyatupa malalamiko ikiwa hayana msingi.

Siku ya usuluhishi nilikwenda na wale wajumbe wawili, mama mwenyekiti na msichana wa daftari. Mhandisi wa mtoa huduma aliuliza swali moja tu la kwanza: "Mama, mota yenu ilikuwa na kinga?"

Mama akajibu, "Ilikuwapo. Fundi aliiruka mwezi wa Machi. Imeandikwa hapa." Akamfungulia ukurasa.

Mhandisi alikaa kimya kidogo. Nadhani hakutegemea jibu lile. Kisha msichana akafungua kurasa za Juni. Akasoma tarehe, saa, na namba za taarifa. Akauliza, "Nasi tunaomba kujua, baada ya taarifa hizi, fundi wenu alikuja siku gani?" Kumbukumbu zao zilipotazamwa, namba zile zilionekana. Fundi wao alifika siku mbili baada ya mota kuungua, akakuta njia moja imekatika kwenye transfoma.

Makubaliano yalikuwa haya. Mtoa huduma atalipa gharama yote ya kusuka mota, shilingi 740,000. Kikundi kitanunua kinga mpya kwa fedha zake, na kitaifunga kwa fundi mwenye leseni. Madai ya mapato yaliyopotea katika majuma yale ya mavuno, kikundi kitayaacha.

Wajumbe hawakutia sahihi palepale. Waliomba kurudi kwanza kijijini kuuliza wenzao. Wengine walisema wameonewa, kwa sababu msimu umepita. Wengine walisema nusu mkate ni afadhali kuliko kulala na njaa. Walipiga kura, na wengi wakakubali. Fedha zililipwa, na mota ikasukwa. Lakini deni la mkopo lilikuwa limechelewa miezi miwili, na riba yake waliilipa wenyewe. Siwezi kusema walipata kila kitu. Walipata walichoweza kukithibitisha.

HATUA YA TATU: RUFAA

Je, usiporidhika na uamuzi wa Mamlaka? Iko ngazi nyingine. Ni Baraza la Ushindani, lililoanzishwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Mwenyekiti wa Baraza hili ni jaji wa Mahakama Kuu. Baraza husikiliza rufaa zinazotoka kwa wadhibiti mbalimbali, EWURA ikiwa mmoja wao. Rufaa ina siku zake zilizowekwa. Kwa hiyo siku unayopewa uamuzi, uliza hapohapo: "Mwisho wa kukata rufaa ni tarehe ngapi?" Andika jibu. Siku zikipita, haki yako inaweza kupotea hata kama ilikuwa wazi kama jua. Katika ngazi hii ni vizuri kutafuta msaada wa mtu anayejua sheria.

MITA INAPOKULA FEDHA

Si kila malalamiko ni ya mota. Malalamiko ninayosikia mara nyingi ni haya: "Nimenunua umeme wa shilingi elfu tano, nimepata uniti chache. Nimeibiwa." Kabla ya kusema umeibiwa, fanya hesabu.

Kwa bei zilizoidhinishwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani, wa daraja la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti moja, mradi asizidishe uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350. Mteja wa kawaida wa daraja la T1 hulipa shilingi 292 kwa uniti. Juu ya bei hizo huongezwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, mchango wa umeme vijijini asilimia 3, na tozo ya mdhibiti asilimia 1. Jumla ni asilimia 22.

Kwa hiyo uniti ya D1 inafika shilingi 122. Ukigawa 5,000 kwa 122 utapata kama uniti 41. Uniti ya T1 inafika kama shilingi 356. Ukigawa 5,000 kwa 356 utapata kama uniti 14. Umeona tofauti? Nyumba mbili jirani zinaweza kutoa fedha sawa na kupata uniti tofauti, na asiwepo aliyeibiwa. Wako katika madaraja tofauti tu. Bei hubadilika, kwa hiyo uliza bei iliyopo siku hiyo.

Mzee mmoja wa kijiji cha jirani ana taa tatu na redio. Aliwekwa daraja la T1. Alinung'unika mwaka mzima. Alipokusanya risiti zake za miezi sita, zikaonyesha hajawahi kufika uniti 75 kwa mwezi. Aliandika barua ya mistari minne kuomba ahamishiwe D1. Alihamishwa. Hakuhitaji kwenda kwa mdhibiti.

Liko pia jambo la kodi ya majengo. Tangu mwaka 2021 kodi hii hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na kuanzia Julai mwaka 2023 ikawa shilingi 1,500. Hiyo ni kodi, si bei ya umeme. Kama unaona unakatwa isivyostahili, kwa mfano nyumba moja ina mita mbili na zote zinakatwa, tunza risiti zote mbili na uanzie kuuliza katika halmashauri yako.

JIHADHARI NA VISHOKA

Kishoka ni mtu anayejifanya fundi wa umeme. Anakuja na pensi na waya mkononi. Anasema atakuunganishia haraka, au ataifanya mita yako iende polepole. Usimkubali. Kuchezea mita ni kosa la jinai. Tena, ukikutwa mita yako imechezewa, malalamiko yako mengine yote hupoteza nguvu.

Katika miradi ya umeme vijijini, wananchi wameunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000. Kishoka anaweza kukudai mara nne ya hizo. Fedha za kuunganishiwa hazipewi mtu mkononi. Hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, nawe unapata risiti. Aliyempa kishoka fedha bila risiti hana cha kumwonyesha mdhibiti. Huyo aende polisi.

MAMBO YA KUFANYA

Ndugu msomaji, usingoje mota iungue ndipo utafute kalamu. Fanya mambo haya juma hili.

Kwanza, nunua daftari. Ukurasa wa kwanza andika namba ya mita yako, jina la ofisi ya mtoa huduma wako, na namba yake ya simu ya dharura.

Pili, kila unaponunua umeme andika tarehe, fedha na uniti. Kama unanunua kwa simu, usiufute ule ujumbe.

Tatu, umeme ukikatika, ukififia au ukizidi, andika saa. Piga simu. Omba namba ya taarifa, uiandike.

Nne, kama una mashine, mwite fundi mwenye leseni aikague kinga yake. Mtu akikuambia airuke kwa waya, mkatalie.

Tano, katika mkutano wa kijiji ujao, mwombeni mtendaji abandike ukutani anwani ya ofisi ya kanda ya EWURA na ya EWURA CCC. Karatasi moja tu inatosha kijiji kizima.

Wako wanaosema mwanakijiji hawezi kushindana na watu wenye magari, kompyuta na wanasheria. Ni kweli, hao wanavyo vitu vingi. Lakini mezani kila mtu huulizwa maswali yaleyale: ilikuwa lini, saa ngapi, ulimwambia nani, karatasi iko wapi? Aliyejifunza kusoma na kuandika anaweza kuyajibu. Na kama ameandika ukweli wote, unaomfaa na usiomfaa, atasikilizwa.